Mafuta ya Chatu Kwenye Sahani ya Saba

Siku ile nililifungua kabati la joto mara nne kabla ya saa sita mchana. Mwalimu wangu wa maabara, mama asiye na kawaida ya kufoka, alinisogeza kwa kiwiko.

"Ukifungua fungua hivi joto linatoka. Nenda kakae."

Sikuweza kukaa. Mle ndani mlikuwa na sahani sita nilizopanda bakteria wa vidonda. Tatu nilizitia tone la mafuta ya chatu, tatu asali ya nyuki wadogo, zote dawa za shangazi yangu. Sahani ya saba niliipaka mafuta peke yake, bila kupanda kitu. Ulikuwa mradi wangu wa kumalizia chuo: kupima kama dawa za wanyama tulizokulia nazo zinaua vimelea kweli. Niliuanza kwa furaha. Halafu baba akajikata mguu kwa jembe, karibu na vidole, katika shamba letu la kahawa, Nanyala, na shangazi, dada yake wa pekee, akaja kutoka Ibaba na kopo lilelile nililochotea mafuta. Kila nilipopiga simu baba alisema, "Naendelea vizuri, mama," kwa sauti ya mtu anayeuma meno.

Kesho yake asubuhi tulizitoa sahani. Asali ilikuwa imesafisha duara pana kuizunguka. Kwenye mafuta, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa tone.

"Usikimbilie kuhukumu," mwalimu alisema. "Mafuta hayasambai vizuri kwenye sahani. Huenda hayakuwafikia."

Kisha akainua ile ya saba. Ilikuwa imejaa madoa ya njano. Mafuta yenyewe yalikuwa na wadudu.

Nilipanda basi bila hata kuvua koti la maabara. Njiani nilimpigia baba, simu ikaita tu. Nilishuka barabarani Nanyala nikatembea haraka, mara nakimbia, mpaka nyumbani.

Baba alikuwa kwenye mkeka, mguu umevimba, unang'aa. Shangazi alikuwa amepiga magoti, vidole vimeloa mafuta.

"Shikamoo shangazi. Naomba usimpake."

"Marahaba. Kwa nini?"

Nilimwonyesha picha ya ile sahani kwenye simu. Niliongea haraka mno, nikirudia maneno. Baba alinikatiza: "Dada yangu ananipaka haya tangu utoto. Leo unamletea picha?"

Shangazi aliisogeza simu karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena karibu.

"Haya yametoka kwenye kopo langu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hili kopo si la yule chatu wa zamani, mafuta yake yaliisha. Nililinunua Tunduma, kwa mama anayevuka na mzigo kutoka Zambia. Sikuliamini sana." Alijifuta vidole kwenye khanga, taratibu, kimoja kimoja. "Nikasema, bora hili kuliko kukaa bure."

Nilitegemea ugomvi. Badala yake alimgeukia baba: "Kaka, inuka. Tunakwenda hospitali."

"Mimi siendi."

"Nimekupaka mimi. Nitakupeleka mimi."

Tulimpakia kwenye bodaboda, shangazi nyuma yake akimshikilia kiunoni. Mimi niliwafuata kwa nyingine, nikimhimiza dereva aongeze mwendo ingawa hatukuwa mbali nao. Daktari aliukamua ule mguu, akasema kidole kidogo hakiponi. Walikikata. Mguu wenyewe ulibaki.

Shangazi alimuuguza baba mpaka aliporuhusiwa, kisha akarudi Ibaba bila kuniaga vizuri. Msimu mzima wa kuchuma kahawa hakuja. Niliandika matokeo yangu, nikafaulu, lakini kila nilipofika kwenye ukurasa wa sahani ya saba nilikuwa nainuka kitini, nazunguka chumba, narudi.

Alipokuja hatimaye, aliniletea chupa ya asali. Vidonda, alisema, sasa anawatuma watu zahanati. Mafuta anapaka magoti ya wazee tu.

"Magoti hayana wadudu," akaniambia, akiningoja nibishe.

Sikubisha. Sikuwa nimepima magoti.