Uzi Mweusi kwenye Biberoni

Mtaa mzima wa Kataki unajua kwamba Mama Mwavita anachemsha biberoni, chupa za kunyonyeshea mtoto. Utakosaje kujua? Mbabula yake ya makala, lile jiko la mkaa, anaiweka nje, mbele ya mlango, alfajiri watu wakipita kwenda kuteka maji, na sufuria iliyo juu yake haijawahi kupikiwa kitu kingine tangu inunuliwe. Atakayechemshia yai humo atatafuta nyumba nyingine ya kulala. Dakika ishirini kamili anazihesabu kwenye simu. Kisha anazitoa biberoni kwa uma, moja moja, anazitumbukiza kwenye beseni la buluu lenye maji baridi, zipoe upesi na harufu ya moshi itoke, maana mitumbwi ya ndagala, dagaa anaowauza sokoni, ikifika ufukweni haimsubiri mtu. Halafu anafunga vifuniko na kuzifunika kwa kitambaa cheupe, na kitambaa hicho hakuna mkono mwingine unaokigusa.

Maji yakiwa yanachemka, macho nayo yanafanya kazi yake. Yule Yvette wa nyumba ya kona, chuchu ya biberoni ikimdondokea mchangani anaiokota, anailamba mwenyewe, anamrudishia mtoto mdomoni. Gauthier, fundi baiskeli, baba wa watoto wanne, anamnywesha kitinda mimba wake chai ya rangi kwenye biberoni ambayo siku hizi ukiitazama hujui zamani ilikuwa nyeupe au ya kahawia. Mama Mwavita anasonya. "Watu wanazaa tu," anasema, kwa sauti ya kutosha kufika ng'ambo ya njia. Mdomo huo umemkosanisha na nusu ya mtaa, na nusu iliyobaki inamwogopa.

Lakini tusimcheke upesi. Binti yake, Mouna, alijifungua mwezi wa Ramadhani, na siku ya tisa akafa kwa homa, kabla maziwa hayajatoka vizuri. Akaacha kitoto cha kike kinachoitwa Yasmine. Watu walikuwa tayari wameanza kumwita Mouna "Mama Yasmine", kama ilivyo desturi, ila mwenyewe alikuwa hoi, hakuwahi kuitika hata mara moja. Baba wa mtoto, Idriss, yuko Manono anaendesha pikipiki, na kila anapopata msafiri anatuma kopo la maziwa ya unga. Mengine yote ni ya Mama Mwavita. Alizaa watano, wamebaki wawili, na hawa wawili wako mbali. Yasmine njo kila kitu alichobaki nacho.

Sasa mtoto huyu, pamoja na kuchemshiwa kote huko, akawa anahara. Alihara mara ya kwanza, akapona. Alihara mara ya pili, macho yakaingia ndani na utosi ukabonyea, wakampeleka zahanati mbio juu ya pikipiki ya motari. Muuguzi akamtundikia maji, kisha akamgeukia bibi.

"Nani anaosha hizi biberoni?"

"Mimi. Kwa mikono yangu. Nazichemsha."

"Kweli?"

"Uliza mtaa."

Muuguzi akamtazama, akaona si muntu wa kusema uongo. "Basi angalia anakunywa wapi tena pasipokuwa kwako. Ni mdogo, Mama. Mara ya tatu anaweza kutokutoka hapa."

Anakunywa wapi tena? Swali hilo Mama Mwavita alirudi nalo nyumbani, na hakuhangaika kutafuta jibu. Jibu lilikuwa ukuta wa pili.

Jumatatu hadi Alhamisi, akienda sokoni kuuza ndagala, mtoto anamwacha kwa jirani, Christiane. Huyu ni mwanamke wa kaskazini ya ziwa, upande wa Baraka, alikuja na mume wake Floribert aliyefuata uvuvi. Ana mtoto wa miezi saba, Toussaint, anayetambaa mchangani bila nguo na kutia mdomoni chochote anachokuta. Anaoshea masufuria ziwani, palepale wengine wanapooga. Tena anacheka mno. Mama Mwavita hakumchagua kwa kumpenda, ila ndiye aliyekuwapo nyumbani mchana. Kila asubuhi alimkabidhi biberoni mbili zilizochemshwa, termosi ya maji ya moto, na maziwa ya unga yaliyopimwa kwenye karatasi. Na kila asubuhi alimwambia jambo lile lile: usishike chuchu kwa vidole.

"Ndiyo, Mama," Christiane alikuwa akijibu.

Sasa ile "ndiyo, Mama" ikaanza kumkera. Akaanza kuhesabu siku. Mtoto anaugua lini? Jumamosi. Mara zote mbili ilikuwa Jumamosi. Mwingine angesema, Jumamosi mtoto yuko kwa bibi yake, na Ijumaa pia, iweje alaumiwe jirani? Mama Mwavita hilo alilimaliza dakika moja akiwa anachambua ndagala: uchafu wa siku nne unajikusanya tumboni, unakaa, halafu Jumamosi unatoka. Akaridhika kabisa na elimu hiyo.

Akaanza kunusa. Biberoni zilirudi jioni safi, tupu, karatasi ya unga tupu, termosi tupu. Lakini hazikunuka maziwa. Biberoni iliyotoka kunywewa, hata uioshe vipi, inabaki na kaharufu, na yeye harufu hiyo anaijua. Hizi zilinuka plastiki tu. Basi maziwa ya Idriss yanakwenda wapi? Akamtazama Toussaint, mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo. Ahaa. Mutoto wa Christiane ananenepeshwa kwa maziwa ya yatima, na yatima anapewa uji wa muhogo kwa kikombe ambacho kuku amekinywea. Roho ilimchemka kuliko ile sufuria.

Jumatano asubuhi alichukua uzi mweusi wa kushonea, akaukata vipande viwili vifupi, akavibana kati ya kifuniko na shingo ya kila biberoni, ndani, pasipoonekana. Mtu akifungua, lazima uzi uanguke. Jioni akazipokea, akashukuru kama kawaida, akaingia ndani na kufunga mlango. Akafungua biberoni ya kwanza. Uzi upo. Akafungua ya pili. Upo. Mtoto alikuwa ameshinda saa tisa kwa Christiane, karatasi ya unga imerudi tupu, na biberoni hazikufunguliwa kabisa.

Alhamisi alikwenda sokoni, akakaa kitambo kifupi, akamwachia mwenzake beseni la ndagala na kurudi. Hakubisha hodi. Alizunguka nyuma ya nyumba, magamba ya samaki bado yako mikononi, maneno ameyapanga tayari kuanzia la kwanza mpaka la mwisho.

Christiane alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Toussaint yuko chini anagonga kifuniko cha sufuria. Na Yasmine yuko kifuani, ananyonya, mkono mmoja umeshika kitenge cha yule mwanamke, vidole vya miguu vinakunjika na kukunjuka. Si uji, si kikombe. Alikuwa ananyonya titi, amefumba macho.

Maneno yote aliyoyapanga Mama Mwavita yakawa hayafai.

"Tangu lini?" akauliza.

Christiane alishtuka, lakini hakuinuka. "Acha kwanza ashibe, Mama."

Mama Mwavita akasimama juani akingoja. Hata hapo moyo wake haukuacha kutafuta. "Na damu yako? Unaijua damu yako wewe, unamnyonyesha mutoto wa wenyewe?"

"Walinipima materniti, mara mbili. Karatasi iko ndani."

"Ilete."

Mtoto aliposhiba, karatasi ikaletwa. Mama Mwavita aliisoma mbele, akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hakukuandikwa kitu. Christiane akarudi tena ndani, akatoka na kopo lenye mfuniko uliokazwa vizuri, limejaa unga mweupe mpaka juu.

"Hii njo maziwa yako. Yote. Maji ya termosi nilimwaga, unisamehe."

"Kwa nini basi?" Sauti ya Mama Mwavita ilikuwa imeshuka. "Kama huibi, kwa nini?"

Christiane alimweka Yasmine begani, akampigapiga mgongo. Safari hii hakucheka.

"Wiki ya kwanza alikunywa biberoni zako hapa, Mama, akaharia hapa kidogo, kwenye kitenge changu, sikukwambia. Unakumbuka nilikuja asubuhi kuomba kaa la moto? Niliona unatoa biberoni kwenye maji yanayochemka, unazitia kwenye beseni. Nikakuuliza, na haya maji ya beseni umeyachemsha?"

Mama Mwavita alikumbuka. Alikumbuka na jibu alilompa, mbele ya watu: mwanamke anayeoshea masufuria ziwani asije kumfundisha yeye usafi wa maji.

"Nikanyamaza," Christiane akasema. "Wewe ni mama yangu kwa umri, ningekujibu nini? Nikasema moyoni, siku zangu nne atanyonya kwangu, mambo yaishe. Na tangu hapo, nne hizo hajawahi kuugua; usiku anakunywa kidogo tu, ameshiba kwangu. Anaugua Jumamosi. Ijumaa anakuwa na nani, Mama?"

Maji ya beseni yalitoka ziwani. Alikuwa akiyateka mwenyewe kwa bidoni yake nyeupe, dumu lililosuguliwa mchanga, na kwa kuwa bidoni ni safi na beseni ni safi na kitambaa ni safi, haikumpitia akilini hata siku moja kwamba maji ndiyo yenyewe. Dakika ishirini za moto, halafu ziwa lote ndani ya chuchu. Alimnywesha mtoto wa Mouna kwa mkono wake, huku akiwasonya majirani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akakaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Amenyonya mara ngapi?"

"Nitahesabu? Wiki tano sasa."

Katika dini ya Mama Mwavita mtoto akinyonyeshwa akashiba mara tano tu, yatosha. Toussaint, yule pale anayegonga kifuniko, amekuwa kaka wa Yasmine, hawataoana kamwe. Na huyu mwanamke wa kaskazini mwenye kucheka mno amekuwa kwa Yasmine kile alichokuwa Mouna. Mama Mwavita alijua hukumu hiyo tangu utotoni. Akachukua mtoto na kopo lake, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi alichemsha biberoni dakika ishirini, akaepua sufuria, akaziacha humo humo na mfuniko juu. Beseni la buluu alikuwa amelisimamisha ukutani, tupu. Kupoa kwa sufuria kulichukua muda, na Yasmine akaanza kulia. Mama Mwavita akatoa biberoni moja, akaiinua juani, akaichungulia. Hakuona kitu. Lakini miezi yote ile pia hakuona kitu. Mkono uliouaminisha mtaa mzima sasa yeye mwenyewe hakuuamini, na mtoto analia.

Akaiweka biberoni chini. Akajitupia mtandio, akambeba mtoto, akatoka. Kwenye kona Yvette aliokota chuchu mchangani na kuilamba, akamwona, akasubiri kusonywa. Mama Mwavita alipita tu.

Mlangoni kwa Christiane alisimama, na mara hii akabisha hodi. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akimwita Mama Toussaint, tena akiwa na shida tu.

"Mama Yasmine," akaita. "Mutoto wako ana njaa."