Gasketi Iliyotundikwa Juu ya Mafiga

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mume wangu aliendesha lori la kijiji chetu, huku juu upande wa Lukozi. Fundi wa Tanga alikuwa amelifungia turbo, kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini, iliyotoka kwenye injini ya kiwanda cha mbao, ili lipande kutoka Mombo na mbolea bila kupumzika. Lilipanda kweli. Ila likaanza kula gasketi, lile bamba jembamba linalokaa chini ya kichwa cha injini, moto na maji visikutane.

Siku injini ilipofunguliwa kufungwa hiyo turbo, mume wangu alitoa gasketi ya zamani, akaweka mpya ya dukani. Ikaungua. Akaweka nyingine kama hiyo, nayo ikaungua kwenye kilima kabla ya Lushoto, kabichi za watu zikaoza humo humo ndani ya lori. Kamati ya kijiji ikamwambia ikiungua ya tatu, usukani anapewa mwingine. Mimi sikumbembeleza. Nilimwambia amezoea kuchagua vitu kwa upya wake, hata mashati.

Yule fundi wa Tanga akaja, akaitazama iliyoungua, akasema turbo inasukuma hewa nyingi mno, hizi za karatasi hazitaiweza. Inatakiwa ya shaba, kama ile ya zamani. Mume wangu akasema aliitupa.

Aliitupa, niliiokota mimi. Niliitundika juu ya mafiga, nikawa napachika miiko kwenye matundu yake. Wiki zote zile namsema mwenzangu, kumbe dawa iko jikoni kwangu inakula moshi. Nikaenda kuileta.

Fundi akaigonga kwa kucha. "Nzima, shemeji, lakini imekakamaa. Washa moto wa haja."

Nikawasha kuni za muwati, mti wa huku wenye moto mkali. Tukaichoma mpaka ikawa nyekundu, tukaitumbukiza majini, ikatoka laini, unaikunja kwa vidole. Wakaisugua masizi yakatoka, wakaifunga, nati zikakazwa kuanzia katikati.

Lori likashuka Tanga na kabichi. Kesho yake mchana nilikuwa napalilia viazi nikalisikia linapanda, mlio mmoja, halikohoi. Nikakaa chini pale pale kwenye tuta.

Mume wangu akashuka, akanipa misumari mitano.

"Ya kutundikia miiko yako," akasema. "Ile gasketi hairudi jikoni."

Nikampakulia ugali. Habari za mashati sikuzigusa.