Isaro Hatapanda Ndege

Nyirabeza anafunga maboksi kwenye ghala moja la Jeffersontown na anakaa Newburg, hapa Louisville, Marekani, ghorofa ya pili. Ni mtu wa sauti ndogo. Siku ile ya mwaka 2015 alipomfokea kaka yake mkubwa, majirani walitoka milangoni wakidhani kuna moto.

Mama yao mdogo, Kanyana, mjane asiye na mtoto, alikuwa amefariki Lisbon. Kwetu marehemu hazikwi bila mtu wa damu yake kusimama kaburini na kusema neno la familia. Basi ndugu wakakutana kwenye simu: Ndahiro, mkubwa wao, akiwa Lackawanna karibu na Buffalo, Bisogo akiwa Columbus, na Nyirabeza, aliyeweka simu mezani ili sote tuliokuja kumpa pole tusikie.

"Bon, hakuna shida," Ndahiro alisema. "Isaro iko Ulaya. Ataenda."

Isaro ni kitinda mimba wao. Anakaa Helsinki, na wakati ule alikuwa na mimba ya miezi minane. Daktari alishamkataza kupanda ndege.

"Kaka, unajua hali yake."

"Mimba si ugonjwa. Apande hata treni asubuhi, jioni amerudi. Ulaya yote ni kama mtaa mmoja."

Bisogo akacheka. "Si tunaona kwenye mpira? Jumanne wanacheza mji huu, Jumamosi mji ule!"

Watu wazima hao, wenye watoto wao, walikuwa wanapanga safari ya mjamzito kwa kufuata ratiba ya mpira.

"Nisikilizeni," Nyirabeza alisema. "Isaro ameniambia mwenyewe. Helsinki mpaka Lisbon ni zaidi ya kilomita elfu tatu. Ndege isiyotua popote inakaa angani karibu saa tano. Na hiyo treni yenu itavukaje bahari?"

"Sasa unanifundisha ramani?"

"Nakufundisha aibu! Nilipomzika mume wangu hapa Louisville, ulisema Buffalo ni mbali. Saa nane kwa gari, barabara nzuri, na hukufika. Leo unamtuma mtoto wa mama yako akazalie hewani?"

"Donc, dada, punguza sauti," Bisogo alisema.

"Sipunguzi! Nani kati yetu ana pasipoti ya Marekani? Ni Ndahiro peke yake. Mwaka jana alienda harusini Nairobi. Nairobi haikuwa mbali?"

"Kazini kwangu hawawezi..."

"Uliwaomba lini? Omba! Usipoenda, nitasimama kanisani nieleze kwa nini Kanyana amezikwa kama mtu asiye na kwao."

Ndahiro alienda. Isaro akabaki kitandani kwake, miguu juu ya mto.

Jumapili baada ya mazishi tulikusanyika Newburg kwa maombolezo, na Ndahiro akapigiwa simu Lisbon atoe salamu. Alieleza jinsi safari ilivyomchosha. Kisha akasema yeye, kama mkubwa wa familia, alimhurumia mdogo wake na kuamua mwenyewe kwenda. Watu wakaitikia amina. Mama mmoja akafuta machozi.

Nyirabeza alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini, akaisogelea simu.

"Kaka, waambie pia ulichosema kwanza."

Simu ikakatika. Mpaka leo Ndahiro anasema ulikuwa ni mtandao.