Njia Mbili za Kwenda Mlima Nahimba

Hajra alikuwa na mdomo, na wala hakuwahi kulikana hilo. Ukipita Chikoko asubuhi ukamsalimia, "Mama Ashura, umeamkaje?" yeye atakujibu habari za barabara. Kalala haijachongwa, kaamka haijachongwa. Watu walimcheka, wakasema mwanamke huyu ataingia kaburini akiulizia greda.

Lakini sababu alikuwa nayo. Chikoko iko porini, kwenye njia ya zamani inayotoka Nachingwea kwenda kutokea Chunyu. Miaka ile malori ya korosho yalikuwa yakipita hapo, na mabasi madogo ya kwenda mnadani, na gari la chanjo. Halafu barabara ya kuzungukia Ruangwa mjini ikachongwa, ikamwagwa kifusi, na madereva wakaihama njia ya Chikoko kama watu wanavyohama nyumba yenye kunguni. Meza ya Hajra ya chai na vitumbua ikabaki palepale njia panda, wateja wake wakiwa waenda shamba na wenye baiskeli.

Mwaka juzi binti yake, Ashura, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Zahanati wakasema hapa hapatoshi, mpelekeni hospitali Nachingwea. Sasa wampeleke na nini? Usafiri wa Chikoko ni pikipiki ya Hamidi, basi. Wakampakia Ashura katikati, Hamidi mbele, Hajra nyuma kamkumbatia mwanawe, na njia ikawarusha kutoka shimo hili hadi shimo lile. Mtoto alizaliwa porini, wala hakulia. Hajra akamviringisha kwenye kanga yake, wakaendelea na safari ili angalau mama yake apone. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Njia nzima Ashura hakusema neno, na Hajra, na mdomo wake wote ule, naye hakusema.

Na sasa Ashura alikuwa mjamzito tena, mimba imeingia mwezi wa saba. Hajra alikuwa anataka kitu kimoja tu hapa duniani: magari yarudi Chikoko kabla siku za mwanawe hazijatimia.

Habari ililetwa na Hamidi mwenyewe, akinywa chai.

"Kuna watu wa maofisini Nachingwea wameanzisha kikundi cha kupanda milima," alisema. "Sasa wanautaka Nahimba."

"Wanautakia nini?"

"Kuupanda."

"Wakishafika juu?"

"Wanapiga picha, wanashuka."

Hajra alicheka mpaka akashika ubavu. Watu wazima na akili zao, hawafuati asali, hawafuati kuni, wanapanda mlima ili washuke! Hamidi akamweleza kwamba wana vitambi na presha, daktari kawaambia watembee, na wameshapata wenzao wa Mtwara na Dar ambao watakuja na basi zima la kosta kila mwezi. Hajra aliposikia kosta, kicheko kikakatika.

Haukupita muda, akaja kiongozi wao, kijana mpole aitwaye Deus, na pikipiki ya kukodi, usoni vumbi tupu. Hajra alimkaribisha chai na kitumbua cha moto.

"Mama, naulizia njia ya Nahimba," Deus alisema. "Naambiwa ziko mbili. Ya kuzunguka Ruangwa hadi Mbekenyera, na hii yenu."

"Ile ya Mbekenyera ni ndefu, mwanangu. Mtazunguka mpaka mchoke kabla hamjaanza kupanda. Hii yetu ni karibu nusu yake, na inakufikisha mguuni pa mlima, penye kivuli."

"Na bondeni kule mbele? Nasikia pana tope."

Hapo Hajra alijishughulisha na kupindua vitumbua kwanza.

"Panapitika," alisema. "Watu wanapita kila siku."

Hakusema uongo. Watu walikuwa wanapita kila siku, wamevua viatu.

Deus alifurahi. Akasema Jumamosi atakuja na gari kuzipima njia zote mbili, kwenda apite Chikoko, kurudi apite Mbekenyera, na itakayokuwa njema ndiyo wataishika moja kwa moja, kwa sababu watu wakishazoea njia hawabadilishi. Hajra alimwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Deus akadhani ni maneno ya kumkaribisha mtu tu.

Bonde lenyewe lilikuwa balaa. Ni udongo mweusi, ule unaoshika mguu na kuudai kiatu, na katikati yake pana chemchemi isiyokauka. Tangu wafugaji walipohamia kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao, chemchemi hiyo ndiyo ilikuwa pa kunyweshea, na kwato zilikuwa zimepageuza uji mtupu. Hajra hakuwa akisalimiana na wafugaji hao. Ng'ombe wa mmoja wao, Malimi, waliwahi kuingia kwenye ufuta wake na kuumaliza, na kesi ikaenda ikafia mikononi mwa wakubwa.

Lakini mwenye shida haoni haya. Alifunga kanga yake, akaenda kwa Malimi, mbwa wakambwekea tangu zizini hadi uani.

"Karibu mama, ukae," Malimi alimwambia.

"Sikuja kukaa."

"Basi kaa kidogo, kisha utakuwa hukuja kukaa."

Hajra akakaa. Alieleza yote, mlima, kosta, Deus, na mwisho akajikuta ameeleza na habari za Ashura, jambo ambalo hakukusudia. Malimi alisikiliza bila kumkatiza.

"Ng'ombe nitawanywesha kule juu, hilo si neno," alisema. "Ila mama, tope lile majani mnayotandika hayaliwezi. Linataka mawe. Mimi mkokoteni ninao na ng'ombe wa kuuvuta ninao. Vijana wangu wanaweza kusomba mawe kuanzia kesho, mpaka Jumamosi tumeshapajaza."

Hajra akapewa maziwa mgando, akanywa, na njiani kurudi alikuwa akitabasamu peke yake. Ilikuwa siku nyingi hajafanya hivyo.

Tabasamu hilo lilimalizwa na mdogo wake, Imrani, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji na ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote baada ya dada yake.

"Dada, umerogwa?" alimuuliza mbele ya watu waliokusanyika kwa ajili ya kazi. "Hawa wafugaji wakijenga njia hiyo, kesho watatuambia ni njia yao ya ng'ombe. Na sisi tutajibu nini, na mawe ni yao, na jasho ni lao? Hapa tangu enzi za babu zetu tunatandika mabua ya ufuta na matawi ya mikorosho, tunamwaga udongo juu, na mizigo ya ufuta inapita."

"Mizigo ya baiskeli," Hajra alisema.

"Inapita au haipiti?"

Watu wakaguna kukubali. Kila mmoja alikuwa na shamba lake lililowahi kukanyagwa. Hajra moyoni alijua kabisa kwamba Malimi kasema kweli, na kama ni siku nyingine angemrukia Imrani na kumwaga yote. Lakini aliwatazama watu wake, akaukumbuka na ufuta wake ulivyolala chini, na mdomo wake, ule ule usiolala, ukamgomea. Akamtuma Hamidi aende kumwambia Malimi asihangaike na mawe.

Wakatandika mabua, wakapanga matawi, wakamwaga udongo mkavu juu yake na kuushindilia kwa miguu. Kwa macho palipendeza kama jamvi jipya. Hamidi alipita na pikipiki yake kwenda na kurudi, wanawake wakapiga vigelegele, na Imrani akamtazama dada yake kwa jicho la kusema unaona.

Jumamosi Deus akaja na gari dogo la abiria, ndani yake wenzake wawili wenye vitambi vya kweli kabisa. Watoto wa Chikoko walilikimbilia gari kama harusi. Hajra alipandishwa mbele aonyeshe njia. Alikaa wima, ushungi umefungwa vizuri, akiwapungia watu anaokutana nao kila siku ya Mungu. Alikuwa anamwona Ashura kwenye kiti hicho hicho, amekaa raha mustarehe, mtoto tumboni hatikisiki.

Walipofika bondeni Deus alipunguza mwendo.

"Hapa, mama?"

"Hapa. Pita tu."

Gari liliingia, likaenda vizuri, likafika katikati. Kisha mabua yakaitika kwa mlio mdogo wa kuvunjika, na magurudumu ya mbele yakatoweka. Deus akakanyaga mafuta, na kadiri alivyokanyaga ndivyo gari lilivyozidi kukaa, mpaka tope likafika mlangoni na injini ikazima. Wanasema penye nia pana njia. Siku hiyo nia ilikuwepo, tena tele.

Chikoko nzima ilikuja kusukuma. Imrani alitoa amri kutoka upande mkavu. Walisukuma, walichimba kwa majembe, walitia matawi zaidi, na gari likawadharau. Mwishoni ikabidi litamkwe lile ambalo kila mtu alikuwa akilikwepa, kwamba aitwe Malimi.

Malimi alikuja na ng'ombe wake na minyororo. Alipomwona Deus wakasalimiana Kisukuma, maana Deus naye kwao ni huko huko, na Imrani akasikika akinong'ona, "Si niliwaambia? Ndugu hao." Hata hapo, jamani, na suruali yake ikiwa safi. Ng'ombe walilivuta gari kwa kurudi nyuma hadi kwenye nchi kavu. Malimi aliyatazama mabua yaliyoelea juu ya tope, akamtazama Hajra, akaanza kukunja minyororo yake. Hajra alitamani Malimi amtukane. Hakumtukana.

"Tutaweka mawe," Hajra alimwambia Deus, akimfuata huku na huku. "Rudini mwezi ujao tu, mtakuta mawe."

"Mama, sina ugomvi na wewe," Deus alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomuumiza zaidi. "Lakini nitapakia watu wazima, wengine wana presha. Nikiwazamisha hapa nitawaambia nini? Nilikuuliza, ukaniambia panapitika."

"Nina binti mjamzito, mwanangu. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani kwa sababu ya barabara hii. Nilitaka magari yaizoee tu."

Deus aliinamisha kichwa. "Pole sana, mama. Ungeniambia." Kisha akasema, "Lakini mimi si serikali. Mimi ni mpanda mlima tu."

Wakageuza gari, wakarudi walikotoka, na njia ya Mbekenyera ikachaguliwa siku hiyo hiyo.

Baadaye Hajra alimwendea Imrani kuhusu mawe. Imrani alisema watu wako kwenye mikorosho, wanapuliza dawa, na hata hivyo mawe ya nini, nani atapita? Kwa Malimi alishindwa kwenda. Alifika mara moja mpaka pale mbwa wanapoanza kubweka, akageuka. Akaanza kubeba mawe mwenyewe kichwani, akitoka mezani kwake, akiyatupa bondeni moja moja. Yalizama, na juu hapakuonekana kitu. Siku chache baadaye kiuno kikamkataza, akaacha.

Kosta ilianza kuja. Ikapita Ruangwa, ikapita Mbekenyera, na Chikoko waliisikia kwa wapita njia tu, kwamba wako watu wenye kofia za rangi zote, na kwamba mama lishe wa huko sasa hawana nafasi ya kukaa.

Asubuhi moja Hamidi alisimamisha pikipiki mezani kwa Hajra, lakini hakuizima wala hakukaa.

"Mama Ashura, nimekuja kuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Nahamia Mbekenyera. Ile kosta inaishia barabarani, wale watu wanahitaji pikipiki za kuwafikisha mguuni pa mlima. Na siku nyingine wateja wako huko huko. Hapa nambeba nani?"

"Unambeba Ashura."

Hamidi aliitazama mikono yake juu ya usukani. "Siku ikifika nipigieni simu, nitakuja."

Wote wawili walikuwa wanajua kwamba Chikoko hupati mtandao mpaka upande kichuguu cha shuleni, tena kwa kubahatisha, na kwamba kutoka Mbekenyera hadi hapo, kwa kuzunguka, mtu aliyeshikwa na uchungu atakuwa amekwisha kuzaa au amekwisha kufa. Hajra hakumgombeza. Alimfungia vitumbua kwenye gazeti, akampa, akamwambia aende salama. Kijana ana tumbo lake, na aliyemwambia Deus panapitika, akamkatalia Malimi mawe yake, ni nani kama si yeye Hajra? Angeyakubali mawe yale, leo kosta ingepita hapa na Hamidi angekuwa palepale kwenye kivuli chake, akingoja abiria juu ya pikipiki. Alisimama hapo mafuta yakiungua kwenye karai, akalia, na kwa kuwa hapakuwa na mteja hakujifuta.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta Ashura barazani, tumbo limetangulia mbele, anapepeta mahindi.

"Mama, umeongea na Hamidi?" Ashura aliuliza. "Siku yangu ikifika atakuwepo?"

"Nimeongea naye," Hajra alisema. "Atakuwepo."

"Alhamdulillahi," alisema Ashura, akaendelea kupepeta.