Nairobi–Kisumu: dirisha la kushoto ndio mpango, lakini ukiwa na mama mkwe soma hapa kwanza

Wakuu, hamjambo? Niko Mamboleo, hapa Kisumu, nakunywa chai, naleta ushauri wa usafiri. Kila neno ni kweli. Mambo ya mama mkwe siwezi kutunga nikalala salama.

Maro wangu, yaani mama mkwe, alikuja Nairobi kumsaidia bibi yangu na mtoto mchanga. Wakati wa kurudi kwake Pap Onditi, kule Nyakach, bibi akaamua mama apande ndege, mara yake ya kwanza, na mimi nimsindikize.

Mama aliomba kitu kimoja tu: aone boma lake kutoka juu.

Marehemu mzee wake, kila ndege ikipita, alikuwa anaacha jembe na kuiangalia mpaka ipotee. Sasa amezikwa hapo hapo bomani. Mama alitaka safari hii yeye awe juu, amwangalie.

Nikaingia kazini. Ukitoka Nairobi, Nyakach na ziwa viko kushoto. Kulia utaona milima ya Nandi, mizuri sana, lakini hatuna mtu huko. Tena epuka viti vya katikati, utaangalia bawa safari nzima. Nikamchukulia mama 4A, mimi 4B. Nikajiona rubani.

Tumeingia, mama amekaa, nami nataka kukaa. Akasimama.

"Baba, unakaa wapi?"

"Hapa, Mama. Ndio kiti yangu."

"Hapa kwa bega yangu? Na umeoa mtoto yangu? Hapana, wacha nishuke."

Wajaluo mshacheka. Kwa wasiojua, kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani wala hawakai karibu. Nilipiga hesabu za milima, ziwa na bawa, heshima nikaisahau nyumbani. Foleni imesimama, cabin crew anatabasamu kikazi. Nilitamani ndege inimeze.

Mama mmoja anayeuza samaki ufuoni Dunga, alikuwa 5A, akainuka.

"Kuja huku nyuma, bwana. Mimi nitakaa na yeye."

Mungu ambariki.

Tukaruka. Kupitia mwanya kando ya dirisha, nilimwona maro amefumba macho, anaomba. Akaomba Naivasha, akaomba Kericho. Tukaanza kushuka, Nyakach hiyo inakuja, na macho bado yamefungwa! Kumgusa siwezi. Yule mama wa samaki amelala fofofo.

Wakuu, nilipiga kelele: "Mama! Fungua macho! Nyumbani!"

Ndege nzima iligeuka.

Halafu mkono wa mama ukaja nyuma kwenye ule mwanya, ukashika vidole vyangu kwa nguvu.

"Baba, umeona? Ile bati ya bluu. Mzee yangu iko hapo."

Sikuona bati lolote, machozi yalikuwa yamenijaa. Nikamwambia nimeona. Hakuniachia mpaka magurudumu yakagusa lami.

Nje ya airport akabeba kikapu chake, akatangulia mbele kama hanijui. Bibi akapiga simu kumuuliza tulikaaje kwa ndege.

"Mbali," mama akajibu. "Kila mtu na kiti yake."

Basi wakuu, kushoto, mbele ya bawa, na mkwe akae nyuma. Mashabiki wa upande wa kulia leteni hoja zenu hapa chini, tujadiliane.

Na kama kuna shemeji zangu humu: tulikaa mbali.