Siku Tatu na Kaseti ya Choo

Mke wangu alipostaafu kazi ya kuwanyanyua wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee, alitaka kitu kimoja tu: gari la kulala. Wabelgiji wanaliita mobilhome. Mimi nililiita kabati lenye magurudumu, na mpaka leo sijaona sababu ya kuliomba radhi.

Wastaafu wa nchi hii wana ugonjwa huo. Mtu anafanya kazi miaka arobaini ili apate nyumba yenye bafu, jiko na kitanda cha maana. Siku ile ile anayopata barua ya pensheni, anaifunga nyumba yake kwa ufunguo na kwenda kuishi na mkewe ndani ya kitu chenye upana wa lifti. Anaoga kwa maji ya kupima kwa kikombe. Anakula ameinamisha shingo kama kuku wa sokoni. Ukimwuliza anapata nini, anakujibu: uhuru. Mimi uhuru wangu ni kiti changu cha kukalia, ghorofa ya nne, mtaa wa Evere, karibu na kipasha joto. Niliwahi kurudi nyumbani kutoka kituo cha tramu kwa sababu tramu ilichelewa dakika sita na nikaona sina sababu ya kulazimisha mambo.

Gari lilitoka kwa wazee wawili wa Etterbeek, bibi na bwana, walioliuza baada ya magoti ya bwana kugoma. Walikuja kutufundisha, na somo lilichukua asubuhi nzima. Mtungi wa gesi unafungwa hivi. Bomba la maji safi lisiguse bomba la maji machafu. Vikabari vya plastiki vinawekwa chini ya magurudumu ili gari likae sawa, usije ukalala kichwa kikiwa chini ya miguu. Bwana alieleza yote hayo kwa mapenzi ambayo sijui kama bibi aliwahi kuyapata. Alipofikia choo, sauti yake ilishuka kama ya mtu aingiaye kanisani. Alifungua kijimlango ubavuni mwa gari, kwa nje, akavuta kisanduku cha plastiki chenye mpini na gurudumu: kaseti. Kila kinachofanyika chooni kinaingia humo. Taa nyekundu ikiwaka imejaa, na mtu lazima aivute akaimwage.

"Ni kazi ya mabwana hiyo," bibi alisema, na wote wanne tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpumbavu, bila kufikiri ni nani atakuwa anasafiri nasi.

Alikuwa mama mkwe. Alikaa kwetu miaka miwili, na mwezi wa tisa alikuwa anarudi Lubumbashi, safari hii kabisa, bila kuja tena. Mke wangu alikuwa amemwahidi kwamba kabla ya kuondoka ataiona bahari. Mama amezaliwa Likasi, ndani kabisa ya bara. Bahari aliipita usiku ndani ya ndege, akiwa amelala. Lakini anakunywa vidonge vya kutoa maji mwilini, kwa sababu ya moyo, na vidonge hivyo vinamtaka awe karibu na choo kila saa. Kwa treni haiwezekani. Hoteli haitaki, hawezi, anasema, kulalia godoro lenye jasho la watu asiowajua. Donc, kwa hiyo, gari lenye choo chake, au bahari haipo tena.

Na kwetu mama mkwe si mtu wa kutazamana naye usoni. Sikuwahi kumpa mkono, sikuwahi kula naye meza moja, sikuwahi kumwambia neno bila kulipitisha kwa binti yake. Nyumbani tuliweza: ana kikohozi chake cha kutangulia, kavu, mara mbili, nami nikikisikia najirudisha chumbani mpaka ukumbi uwe mtupu. Gari lile lilikuwa na urefu wa mita sita, na halikuwa na ukumbi.

"Tutafanya répétition, tujaribu kwanza," mke wangu alitangaza. "Siku tatu, hapa chini ya nyumba, ku parking ya immeuble. Hakuna kupanda juu. Maman akiweza, tunaenda ku bahari. Akishindwa, bon, tunaacha."

"Na miye nikishindwa?"

"Weye ulishindwaka zamani. Hakuna mwenye anakuhesabu."

Ijumaa tulihamia. Mke wangu alitundika kitenge katikati ya gari, mama upande wa choo na kitanda, mimi upande wa usukani. Niliweka vikabari kinyume, supu ya kwanza ikateremka mezani yenyewe. Kisha nikafungua kiti cha kukunja, nikakaa nje kama wastaafu wenzangu wa Ulaya, chini kabisa ya dirisha langu mwenyewe. Jirani wa ghorofa ya tatu, shemasi wa kanisa letu, alisimama na mifuko yake.

"Papa, maman wa nyumba amekufukuza?"

"Niko vakansi, napumzika."

"Ah. Na banarudishaka lini batu ku vakansi hii?"

Kila mama alipokohoa, nilitoka na kuzunguka parking mpaka mlango mwembamba wa choo ufungwe na kufunguliwa tena. Hadi jioni nilikuwa nimezunguka sana hata mwanamke mwenye mbwa akaanza kunisalimia kama mtu wa zamu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya saa ya vidonge, taa nyekundu iliwaka. Mke wangu ana bega lililoharibika kwa kunyanyua wazee. Hawezi kubeba hata ndoo. Akanitazama.

"Hapana," nilisema. "Bile ni bya mama yako. Mukwe hawezi kubibeba."

"Basi nani? Nimuite mubelgi wa Etterbeek na magoti yake?"

"Labda taa imeharibika."

"Taa iko muzima. Mwenye kuharibika namuona."

Tulibishana hivyo robo saa nzima, mimi nikitaja mababu na mila kwa ufasaha ambao shuleni ungenipatia alama. Nilisahau kwamba tulikuwa tunabishana mbele ya kitambaa, na kitambaa hakizuii neno.

Baada ya hapo kikohozi kilikoma. Saa ya kwanza nilishukuru. Saa ya pili nilijinyoosha kitini nikajiambia maman amelala, mambo yamejipanga yenyewe, kama kawaida yangu ya kuyaachia mambo. Saa ya tatu mke wangu alitoka na leso mkononi. Ndani ya fundo kulikuwa na vidonge vya asubuhi na vya mchana. Kikombe cha maji kilikuwa kimejaa vilevile.

"Miguu yake imevimba, kidole kinazama," alisema. "Anasema afazali avimbe yeye, kuliko mukwe wake abebe uchafu wake. Anasema tuache bahari. Eti ni maji tu."

Akalia. Mtu aliyebeba mabakuli ya haja ya wazee asiowajua miaka ishirini, analia kwenye parking ya Evere kwa sababu ya mwanamume mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja akilinda heshima. Nimewacheka wastaafu wenye kaptula na makaseti yao, na nitaendelea kuwacheka. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyemvimbisha mama wa mtu.

Nikasimama karibu na mlango. "Mwambie maman ajifunike uso."

Mke wangu akaingia, kisha akaita: "Amejifunika."

Nilifungua kijimlango, nikavuta. Kaseti ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na ndani kitu kilicheza huku na huku. Gurudumu lake lililia kwenye vigae vya mlangoni kama kitoto cha bata. Niliita lifti, nikaingia, nikabonyeza nne, na kabla mlango haujafunga, mguu wa shemasi ukaingia.

"Papa! Unasafiri?"

"Narudi."

"Kavalisi kazuri ka safari. Ulikatosha wapi?"

"Etterbeek."

Tulipanda. Ghorofa ya pili pua yake ilianza kazi. "Bon... iko na kaharufu kidogo."

"Ni ya wazee."

"Lete nikusaidie, papa. Mukubwa hawezi kubeba na miye niko hapa." Akashika mpini. Nikaukumbatia ule mzigo kwa mikono miwili, kifuani, kama mtoto wa ubatizo, tukavutana kwa adabu mpaka ghorofa ya tatu, ambapo alishuka akinitazama kwa huruma. Kesho yake, Jumapili, niliombewa kanisani, bila kutajwa, katika kundi la wanaopitia mambo.

Nilimwaga chooni kwetu, nikasuuza mara tatu, nikapita mbele ya kiti changu bila kukikalia. Huko chini nikairudisha mahali pake, nikasema kwa kitenge: "Mwambie maman imekwisha. Mwambie anywe."

Halafu nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Baada ya nusu saa, kikohozi, kavu, mara mbili. Sijawahi kuzunguka parking kwa furaha namna ile.

Jumapili mchana mke wangu alipika kuku, na badala ya kunipitishia sahani dirishani, alifungua kitenge. Kwetu mkwe hubaki nje mpaka siku ambayo mashangazi wa mke wanamuingiza rasmi, na vyungu na vigelegele. Baada ya hapo anaweza kula na mama wa mkewe. Sisi tulioana mashangazi wakiwa mbali, kwa hiyo nilibaki nje miaka thelathini.

"Maman anasema mashangazi hawatakuya," mke wangu alisema. "Anasema wanaume wengine wanaingizwa kwa mavyungu. Weye umeingia na ile chungu yenye ulikuwa nayo."

Nikakaa. Meza ya gari lile ni ya wanasesere. Magoti yetu yaligongana. Mama alinisukumia paja la kuku, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Uko na imvi mingi," alisema. "Nilizania uko kijana, vile unakimbiaka."

Wiki iliyofuata tulikwenda baharini. Upepo, mchanga mdomoni, wastaafu wa nchi tatu wamejipanga kando ya ukuta. Mke wangu alimfikisha mama kwenye benchi, akashika simu tayari kupiga picha ya machozi. Mama aliitazama bahari kwa muda mrefu.

"Njo hii, bahari?"

"Njo hii, maman," nikamjibu mimi.

"Iko na makelele."

"Sana."

"Na baridi. Sasa hawa batu bote banangoja nini?"

"Sijui, maman. Labda ikauke."

Mke wangu alisema sisi wawili hatustahili kupelekwa popote, akaenda zake kutembea. Nilimwuliza mama kama nimrudishe garini. Akasema nisimharakishe. Tulikaa pale saa mbili, yeye akiilaumu ile bahari wimbi baada ya wimbi, mimi nikimshikia mwavuli.