Mnyama Niliyemchora Ngazini

Nimepita katikati ya mbuga ya Mikumi mara zisizopungua kumi na sita, na sijawahi kuona hata ngedere. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inaikata mbuga ile, na miaka yote minne ya sekondari niliipita nikienda shule na kurudi likizo. Wenzangu wakibanana dirishani, twiga yule, tembo wale, mimi nilikuwa nimelala mdomo wazi juu ya begi la jirani. Naliweka hili wazi mapema ili huko mbele asinishangae mtu.

Kwa hiyo mzee wa Kihindi aliponiuliza, siku ya kwanza kuonana, kama kwetu Tanzania kuna tembo, nami nikamjibu, "Wapo wengi sana, mzee," sikusema uongo. Tatizo ni kwamba nilijibu kwa sauti ya mtu aliyewahesabu.

Kazi ile alinitafutia mke wangu. Tulikuwa tunakaa Fridley, huku ughaibuni kwenye theluji, kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa kimepunguza watu, na mimi nilikuwa nimepunguziwa kwenye kochi. Yeye alikuwa muuguzi msaidizi, kwa hiyo habari za wagonjwa wanaohitaji mtu wa kukaa nao nyumbani zilimfikia kabla ya wengine.

"Kazi yenyewe ni kukaa ndani na mzee, asubuhi mpaka saa kumi," aliniambia. "Nikawaambia mtu wa namna hiyo ninaye, yuko kwenye kochi langu hapa."

"Watanihoji, mama watoto?"

"Watakuuliza kama unaweza kukaa. Sema una uzoefu."

Mzee mwenyewe alikuwa ofisa wa misitu mstaafu kutoka Wayanad, nchi ya vilima kusini mwa India. Mkewe alipofariki, binti yake wa pekee, aliyekuwa anafanya kazi za kompyuta, alimchukua akaja kuishi naye Hopkins, mji wa jirani na wetu, ghorofa ya pili, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Msimu wa majani kupukutika mzee akaanguka, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji. Mfupa uliunga vizuri. Kilichogoma ni mguu kuzikubali ngazi.

Binti alinieleza jambo hili jikoni, kwa sauti ya chini, huku akifunika sufuria ya dengu ambayo haikuhitaji kufunikwa. Ngazi za kutokea nje zilikuwa kumi na nne, saba mpaka kwenye kona, saba tena mpaka chini. Mwisho wa Februari angekuja mama wa mazoezi ya viungo kumpima. Mzee akiweza kushuka na kupanda kwa miguu yake, akishika ubao wa pembeni, atabaki pale. Asipoweza itabidi ahamie kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maana moto ukitokea binti yuko kazini, nani atambeba?

"Sitaki aende," alisema. "Lakini sina njia nyingine."

Mzee alikuwa anajua kila kitu. "Huko wanapika viazi visivyo na pilipili," aliniambia binti alipoondoka. "Nitakufa kwa ustaarabu."

Tulikuwa tunazungumza Kiingereza, changu cha fomu foo, chake cha ofisi ya serikali. Aliniita "mone," ambayo kwa Kimalayalam chao ni mwanangu. Walinzi wake wa msituni walikuwa wakimwita "saar," yaani bwana, nami nikaidaka hiyo.

Siku ya tatu ndipo aliponikamata.

"Masikio ya tembo wenu yana umbo gani?"

"Makubwa, saar."

"Makubwa vipi?"

"Makubwa ya kutosha."

Alinitazama kama karani anayetazama stakabadhi isiyo na mhuri. "Mone, umewahi kumwona tembo?"

Nikamsimulia habari ya basi na usingizi. Alicheka mpaka akaishika nyonga. "Basi wao wamekuona," alisema. "Mara kumi na sita. Walikuwa wanaambizana, yule mlalaji amepita tena."

Kuanzia siku hiyo alinichukua kama mlinzi mpya asiyejua kitu, na mazoezi ya kutembea ndani yakageuka doria. Ile nyumba ya vyumba viwili aliigawa hifadhi kwa hifadhi. Jikoni palikuwa Wayanad, kwa sababu pana mvuke na maji, na Wayanad ni mianzi na mabonde yenye tope ambako tembo hushuka kiangazi. Meza ya kulia chakula ilikuwa Mudumalai. Sebule ilikuwa Bandipur, kavu, upande ambao mvua hufika imechoka, na kweli hita ya sebuleni ilikuwa inakausha mpaka midomo. Chumba cha binti kilikuwa Nagarahole, ng'ambo ya mto Kabini. Kitanda cha mzee mwenyewe kilikuwa Mukurthi, nyanda za juu zenye majani mafupi na ukungu, wanakoishi mbuzi mwitu wanaopenda kusimama pembezoni mwa genge.

"Unalala kwenye genge, saar?"

"Katika umri wangu kila kitanda ni genge."

Ujia wa kwenda bafuni ulikuwa ushoroba wa tembo. Siku moja niliacha kapu la nguo chafu pale katikati. Akasimama na kile kifremu chake cha kutembelea, chenye miguu minne, hakusogea.

"Ni nini hiki?"

"Kapu, saar."

"Hii ni hoteli ya watalii. Mtu amejenga hoteli kwenye njia ya tembo. Sasa tembo apite wapi, kwenye migomba ya watu? Halafu mseme tembo ni mkorofi." Nikaibomoa ile hoteli. Alipita polepole, kichwa juu, na mpaka leo sijui kama wakati ule alikuwa ofisa au tembo.

Lakini kila tulipofika mlango wa kutokea, doria iliishia hapo. Aliufungua, akazitazama ngazi, akasema, "Huku ramani haijafika. Kesho." Na mimi, kwa kuwa kesho ni siku ninayoipenda kuliko zote, nilikubali. Januari ikaanza kuisha hivyo hivyo.

"Wewe umewekwa pale umtoe ndani," mke wangu aliniambia jioni moja tukila, "na wewe mwenyewe hutoki. Ni sawa na kumpa paka kazi ya kulinda samaki."

"Nje kuna baridi."

"Nje kuna baridi tangu tumekuja. Yule mzee atahamishwa, na utakuwa umemhamisha wewe na kesho zako."

Neno hilo lilinikaa. Halikunikaa kiasi cha kunitoa nje, lakini lilinikaa.

Kisha theluji mbichi ikaanguka, na asubuhi mzee alikuwa dirishani, amebandika paji la uso kwenye kioo. Nyuma ya jengo, kati ya maegesho na mapipa ya taka, palikuwa na mistari ya nyayo.

"Mone, leta kioo."

Ndipo akanieleza namna walivyokuwa wakihesabu chui milia. Chui mwenyewe haonekani. Mlinzi aliweza kustaafu akiwa amemwona mara mbili tatu tu. Kinachoonekana ni unyayo wake kwenye vumbi. Basi unaweka kipande cha kioo juu ya unyayo, unachora ukingo wake kwa kalamu, kisha unahamishia kwenye karatasi. Unyayo wa dume huingia kwenye mraba, wa jike ni mrefu kidogo. Mbwa anaacha alama za kucha, chui anazificha. Na zile hifadhi zinapakana huku ziko katika majimbo matatu, kwa hiyo ilibidi wote wahesabu wiki moja. "La sivyo chui mmoja anakunywa chai kwetu, anakula mchana kwa jirani, analala kwa wa tatu, na kila mmoja anaripoti kwamba anaye wake."

Kioo tulikipata kwenye fremu ya shahada ya binti. Jioni binti alisimama ukutani akauliza, kwa utulivu mkubwa, ni nani aliyeivua nguo shahada yake. Baba yake alimjibu kuwa ni kwa ajili ya serikali.

Kwa hiyo nikawa nashuka mimi. Napiga magoti kwenye theluji, pumzi inakiwekea kioo ukungu, wino wa makapeni unaganda, na majirani wananipita na magari yao bila kuuliza, maana watu wa huku wana adabu. Nikarudi na sungura. Nikarudi na kindi. Nikarudi na mbwa nikidai ni mbwa mwitu, mzee akaniuliza huyo mbwa mwitu alikuwa amefungwa kamba ya mtu mwenye viatu namba ngapi. Kila kitu aliandika kwenye daftari lenye safu: mahali, mwelekeo, aina ya udongo. Kwenye udongo aliandika "theluji," akaitazama kwa muda. Alisema katika utumishi wake wote hakuwahi kuijaza safu ile hivyo.

Sasa inakuja aibu yangu. Februari ilikuwa imeingia, na siku hiyo ilikuwa ile baridi inayogandisha nywele za puani. Mzee aliona nyayo mpya karibu na mapipa. Nikashuka, nikafungua mlango wa nje, nikapiga hatua mbili. Upepo ulinipiga kofi la upande mmoja, kisha la upande wa pili. Nikarudi ndani, nikaketi ngazi ya mwisho, karibu na hita, nikakiweka kioo magotini, nikachora.

Nilimpa mnyama wangu vidole vitano. Kwa nini vitano sijui, labda kwa sababu mkono wangu una vitano. Nikamwekea makucha, marefu kidogo, kwa heshima. Chini nikamalizia na kitako cha mguu chenye umbo la andazi.

Mzee alikipokea kile kioo akakigeuza kwenye mwanga. Akaleta rula. Akapima, akapima tena.

"Ziko nyingi?"

"Nyingi, saar."

"Zinaelekea wapi?"

"Kwenye mapipa."

Akaiweka rula kando. Kisha akasema, "Nipe viatu."

"Saar, nje kuna baridi mno."

"Mnyama huyu sijapata kumwona. Nipe viatu na koti."

Nilimvalisha. Aliacha kifremu mlangoni, akaushika ubao wa pembeni kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono wa pili. Ngazi ya kwanza ilichukua muda wa kuchemsha chai. Ya pili hivyo hivyo. Nilikuwa nasikia anavyohema, na kichwani naona nyonga ile ikivunjika mara ya pili kwa ajili ya andazi. Tulipofika kwenye kona nikashindwa.

"Saar, hakuna mnyama. Nimemchora mwenyewe nikiwa nimekaa pale chini. Nisamehe, turudi."

"Najua," alisema, akivuta pumzi. "Kila hesabu kulikuwa na kambi moja ambako mvua ilizidi, au tembo walikuwa wamesimama ng'ambo ya handaki linalozunguka kambi, na walinzi hawakutoka. Waliniletea chui waliochorwa kando ya jiko. Mmoja aliniletea chui mwenye miguu minne yote ya kushoto. Lakini hata huyo alikuwa na vidole vinne."

"Basi turudi, saar."

"Kwa nini? Zimebaki saba. Mlinzi akidanganya, ofisa anafika mwenyewe kwenye eneo. Ndio utaratibu."

Tukazimaliza zile saba. Nikamfungulia mlango. Kwenye mapipa alitupa jicho mara moja tu. "Sungura," alisema, "nilimwona tangu dirishani." Kisha akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akatazama miguuni petu. Pale palikuwa na alama zangu za buti, mbili kwenda, moja imegeuka, mbili kurudi. Akanipa kioo, akaamuru nichore ya kushoto, na safari hii akanisimamia mpaka nikamaliza.

Kupanda kulichukua muda mrefu kuliko kushuka, lakini alipanda. Jioni alilijaza daftari lake mbele ya binti, akisoma kwa sauti. Jinsia: dume. Umri: wa makamo. Mwelekeo: alitoka, akasita, akarudi. Makazi: kochi. Hali ya spishi: haiko hatarini. Binti alicheka huku akijifuta machozi, na sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko.

Tangu hapo tukawa tunashuka kila siku. Akidai kukagua eneo, mimi nabeba kioo.

Mama wa mazoezi alikuja mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa, na fomu zake kwenye ubao. Binti alichukua ruhusa kazini, akasimama juu ya ngazi ameng'ata kidole. Mzee alishuka akishika ubao wa pembeni, mimi nyuma yake nimeweka mikono tayari kama kipa. Alipofika chini yule mama akasema inatosha, ameridhika, sasa apande. Mzee akasema haitoshi. Alitoka nje bila kusindikizwa, akatazama theluji kulia na kushoto, akarudi, akaanza kupanda.

Kwenye kona akasimama. Binti akaacha kung'ata kidole. Mama wa mazoezi akainua kalamu yake. Mzee akageuza shingo, akanitazama mimi niliyekuwa nimebanana naye ubavuni, nahema.

"Hapa ndipo huyu hukiri makosa yake," aliwaambia. Kisha kwangu, "Una lolote leo, mone?"

"Sina, saar."

"Basi nipishe, usinibanie ushoroba."

Akazipanda zile saba zilizobaki.